Nipe Mji: Fumbo la Maneno Lilikotoka na Linapokwama

Makala haya yamezaliwa na aibu. Mwaka jana nilitunga fumbo la maneno, lile la miraba myeupe na myeusi tunalolijua magazetini kwa jina la chemshabongo, nikalibandika kwenye ubao wa matangazo wa idara. Vidokezo vilikuwa 24. Nikaahidi soda mbili za baridi kwa atakayemaliza wa kwanza. Siku tatu zikapita, soda ziko palepale. Siku ya nne nikakuta mtu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mtunzi ajibu mwenyewe." Na mhadhiri mmoja aliyekuwa akipita akasema, wala hakusema kwa ubaya, kwamba mchezo wa gazeti si fasihi, tusimalize karatasi za idara.

Basi nina madeni mawili. La kwanza, kueleza kwa nini fumbo langu lilishindikana. La pili, kuuliza kama kweli kitu hiki hakituhusu sisi wahakiki. Nimetafuta majibu katika historia, na njiani nimegundua kwamba madeni haya mawili ni deni moja.

Mraba ulikozaliwa

Fumbo la miraba tunalolijua lilianzia Marekani. Tarehe 21 Desemba 1913 gazeti la New York World lilichapisha fumbo la Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia huko. Umbo lake lilikuwa la almasi, na mwenyewe aliliita Word-Cross. Wiki chache baadaye maneno hayo mawili yakageuzwa, likawa Cross-Word, na ndivyo lilivyobaki. Mswahili wa zamani angecheka hapo, maana jina lenyewe limepigwa kinyume. Nitalirudia neno hilo baadaye.

Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu kizima cha mafumbo hayo, na mchezo ukawashika Wamarekani kama homa. Waingereza waliupokea, kisha wakautia ukaidi wao. Kuanzia 1926 katika gazeti la Observer, Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada kwa jina la mkuu wa mahakama ya mateso ya Hispania, alitunga vidokezo ambavyo havikuuliza tena maana ya neno waziwazi. Gazeti la The Times, lililojidai kuwa na heshima ya kutocheza, likasalimu amri tarehe 1 Februari 1930.

Aliyeweka sheria za fani hiyo ni mrithi wa Torquemada, mwalimu Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes na kutoa kitabu cha kanuni mwaka 1966. Kwa kifupi, kidokezo kizuri kina sehemu mbili. Moja inatoa maana ya jibu. Nyingine inaonyesha namna ya kulijenga jibu hilo kwa kugeuza herufi, kuzivuruga, au kuficha neno ndani ya neno. Zaidi ya hizo kisiwepo kitu. Mtunzi ana ruhusa ya kukupotosha, ila hana ruhusa ya kukudanganya. Ukishaliona jibu unatakiwa useme, "Ala! Kumbe lilikuwa mbele ya macho yangu."

Hapo ndipo mimi nilipoingia mkenge. Nilizichukua sheria za Ximenes nzimanzima, nikazivalisha Kiswahili. Kidokezo nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa hiki: "Samaki waliovurugika wakati wa mvua (herufi 6)". Jibu ni MASIKA. Hesabu mwenyewe: s, a, m, a, k, i. Zivuruge, unapata masika, hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua. Kwa kanuni za Waingereza hicho ni kidokezo safi. Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, waliosoma lugha hii tangu darasa la kwanza, kilikuwa ukuta.

Kwa Bibi

Likizo ikafika nikaenda kijijini kwa bibi yangu, upande wa Chamwino. Bibi hakusoma. Jioni, baada ya ugali wa uwele, nikamsomea vidokezo vyangu kimoja kimoja, nikimweleza. Nilipofika kwenye samaki na masika alinitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, samaki wanatoka Mtera. Masika yanatoka kwa Mungu. Wamekutania wapi?"

Nikamweleza habari za herufi. Akasema, "Mimi sizioni hizo herufi. Sema nisikie." Nikasema: sa-ma-ki, ma-si-ka. Akatikisa kichwa. Hakusikia undugu wowote, na kusema kweli hata mimi, nilipotamka kwa sauti, sikuusikia. Undugu uko kwenye karatasi tu.

Nikamjaribu na kingine: "Chakula ambacho ukikigeuza kinaliwa vilevile." Hakukawia. "Wali," akasema, kisha akacheka peke yake: "Wa-li, li-wa! Huyu sasa ni kitendawili." Halafu, bila kuombwa, akanirudishia cha kwake: "Kazi ikigeuka, mtu anafanywaje?" Nilibaki kimya kama dakika nzima. Ka-zi. Zi-ka. Alikuwa amemzika mumewe, ambaye maisha yake yote yaliishia shambani. Sikujua kama nicheke au nikae kimya.

Usiku ule ndipo nilipolielewa kosa langu.

Silabi na herufi

Jaribu kugeuza neno la Kiswahili herufi kwa herufi. Kazi inakuwa izak. Wali inakuwa ilaw. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na mengi huanza na konsonanti. Ukiyageuza kwa herufi unapata kitu kinachoishia na konsonanti, ambacho hakifanani na Kiswahili hata kidogo. Yanayoponea chupuchupu ni yale yanayoanza na irabu, kama ita inayozaa ati, au ua inayozaa au. Lakini ukigeuza kwa silabi, lugha inafunguka. Silabi yetu ndiyo tofali la ujenzi. Ukilihamisha, ukuta mwingine unasimama.

Hili si jambo nililogundua mimi wala bibi yangu. Watu wa pwani walikuwa na mchezo wa kusema kinyume, yaani kuhamisha silabi ya mwisho ya neno ili asiyetakiwa kuelewa asielewe. Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, alipochapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliona mchezo huu una uzito wa kutosha kuuwekea mfano. Yaani zaidi ya miaka 40 kabla ya Wynne, Waswahili walikuwa wakifungasha maneno na kuyafungua kwa kanuni maalumu. Na nani kati yetu hakuwa na lugha ya siri shule ya msingi, ya kupachika silabi ndani ya kila silabi ili mwalimu asiambulie kitu? Hatukuwa tukipachika herufi. Hakuna aliyetufundisha hivyo, sikio lilitufundisha.

Tazameni pia ushairi wetu wa mapokeo. Mizani ni hesabu ya silabi, na shairi tulilozoea lina mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane. Kina nacho ni silabi. Mshairi anayesema vina vyake ni "-ma" na "-li" hahesabu herufi, anasikiliza. Katika ugomvi wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, Kezilahabi alipoleta Kichomi mwaka 1974, pande zote mbili zilibishana juu ya kulazimika au kutolazimika kufuata vina na mizani. Hakuna aliyebisha kwamba kipimo chenyewe ni silabi.

Kisha njooni kwenye vifupisho, mahali ambapo mtu hategemei kukuta sanaa. Waingereza hufupisha kwa herufi. TANU ilikuwa herufi za kwanza za jina la Kiingereza. Sisi tunapofupisha Kiswahili, mara nyingi tunakata silabi: BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, ambapo kila kipande kimekatwa penye maungio, u-ki-mwi. Najua mtanitajia CCM. Ni kweli, hiyo ni herufi tupu, lakini sikilizeni tunavyoitamka: sisiemu. Tumekosa silabi za Kiswahili tukaazima majina ya herufi za Kiingereza.

Wananchi nao hawakukaa kimya. Baada ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, mitaani walikipokea kifupisho cha Kiingereza, AIDS, wakakifumbua upya: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Ule ni utani wa makaburini, na wako waliokufa nao mdomoni. Kwa jicho la mhakiki, hata hivyo, hicho ni kidokezo kilichotungwa kwa kurudi nyuma: jibu limetolewa kwanza, halafu umma ukalitungia swali. Anayesema mchezo wa maneno haubebi uzito wa maisha anieleze ule ulibeba nini.

Mgogo aliyejenga ukuta

Sasa nirudi uwanda wa kati, maana kuna mtu hapa hatuwezi kumpita. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huku kwetu Ugogo, akafariki 1969. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1954, na Diwani ya Mnyampala ya 1963. Ndiye anayehusishwa zaidi na utanzu wa ngonjera, ushairi wa majibizano uliotumika sana kueneza siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa ameshafariki.

Litazameni jina hilo. UKUTA ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. U, ku, ta: kifupisho ambacho ni neno kamili, na neno ambalo ni maana ya chama chenyewe, ukuta wa kuikinga lugha. Huo ni ufundi wa Ximenes uliofanyika bila Ximenes: maana upande mmoja, ujenzi upande wa pili, hakuna kilichozidi. Na jina lililotungwa vizuri haliishi na wenyewe. Mwaka 2016 chama cha upinzani cha CHADEMA kililichukua neno hilohilo kuita kampeni yake, Umoja wa Kupambana na Udikteta Tanzania. Jibu lilelile, kidokezo kingine.

Na Mnyampala hakuota peke yake kama uyoga. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilikuwa na mashairi yaliyosomwa bara na pwani. Mshairi mmoja akiuliza, wengine wakimjibu kwa bahari ileile. Nyuma yao yuko Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, bingwa wa kuweka maana mbili ndani ya neno moja, tena wakati ambapo kusema waziwazi juu ya watawala kulikuwa na gharama. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Kwa hiyo ukurasa wa fumbo katika gazeti la Kiswahili si wa jana wala wa kuletwa na meli. Kilicholetwa na meli ni mraba.

Hoja ya mhadhiri

Nisimwonee mhadhiri wetu. Hoja yake ina nguvu kuliko ilivyosemwa. Angeweza kuniambia hivi: kitendawili kina sitiari ndani yake. "Nyumba yangu haina mlango", yai. Hapo ulimwengu umetazamwa upya, yai limekuwa nyumba na nyumba imekuwa fumbo. Fumbo la mraba linatazama maneno tu. Ukishajaza, unatupa gazeti, au unafungia maandazi.

Nakubali nusu. Vidokezo vingi vya magazeti yetu ni maswali ya kamusi: "Mnyama mwenye shingo ndefu", twiga, basi. Hivyo havina sitiari wala ufundi, na wala sivitetei. Lakini nusu ya pili siikubali, kwa sababu Kiswahili chenyewe kina maneno yanayotenda mambo mawili kwa wakati mmoja. Chukueni hutapika. Nitawapa kidokezo chake: "Jikoni umenyimwa sufuria, kitandani ni mazoea ya mgonjwa (silabi 4)." Hu-ta-pika, wewe, kesho. Hu-tapika, yule, kila siku. Silabi zilezile, mkazo uleule, viambishi tofauti. Kukifumbua ni lazima uifahamu sarufi kwa ndani. Darasani tunaliita jambo hili utata, tunaliandikia maswali ya mtihani. Kibarazani watu wanalichekea. Sioni kwa nini kicheko kiwe na elimu ndogo kuliko mtihani.

Au chukueni huyu: "Alizama Dodoma, pwani hunywewa (silabi 2)." Jibu ni TEMBO. Anayefumbua anahitaji kujua kwamba tembo ni mnyama na pia ni pombe ya mnazi. Tena anahitaji simulizi ya mji huu, kwamba jina Dodoma linatokana na neno la Cigogo, idodomya, limezama, baada ya tembo kunasa kwenye tope la kijito. Neno moja limeishika pwani kwa mkono huu na bara kwa mkono ule. Anayeniambia hapo hakuna ulimwengu uliotazamwa upya, sijui anataka ulimwengu upi.

Jaribio la pili

Niliporudi chuoni nilitunga fumbo jingine, dogo, miraba mitano kwa mitano, na kila mraba ukabeba silabi badala ya herufi. Kazi haikuwa rahisi. Kwanza, makutano ni magumu: maneno mawili yanayokutana kwenye "a" ni mengi kupita kiasi, yanayokutana kwenye "mbo" ni ya kutafuta kwa tochi. Pili, ile m ya mtu inasimama peke yake kama silabi, m-tu, wakati ile ya mbuzi inamezwa, mbu-zi. Yote mawili yana silabi mbili, lakini ukimwambia mtu akate mbuzi vipande, wapo watakaokupa vitatu. Tulibishana juu ya hilo mbele ya ubao mpaka kipindi kikatupita. Fumbo lilimalizwa jioni ileile na binti wa mwaka wa kwanza kutoka Kondoa, aliyekuwa akitamka kila kidokezo kwa sauti huku wenzake wakimcheka. Soda alikunywa.

Kisha akaniuliza swali ambalo bado linanichoma. Nyumbani kwao, alisema, wanasema Kirangi, na majirani wanasema Kiburunge na Kisandawe. Kisandawe kina vidoko, zile sauti za kubofya kwa ulimi. "Kaka, kidoko utakiweka kwenye mraba gani?" Sikuwa na jibu. Nimejenga mraba wa silabi kwa ajili ya lugha yangu ya shule, nikasahau kwamba uwanda huu una lugha ambazo mraba huo ni wa kigeni kwao kama ule wa Wynne ulivyokuwa kwangu.

Na hili ndilo hasa lililo hatarini, wala si heshima ya chemshabongo. Usiku ule kwa Bibi, baada ya wali na zika, alinitegea kitendawili kwa Cigogo. Nilielewa maneno mengi, sikuelewa kitendawili. Akarudia polepole. Nikashindwa. Akaniambia hao wadogo zangu hata kutega hawategi tena, na yeye hana wa kumtegea, kwa hiyo vingine vimeanza kumtoka.

"Basi nipe mji," akasema, kama ilivyo desturi kwa aliyeshindwa.

Nikampa mji mkubwa niliokuwa nao. "Nakupa Dodoma."

"Dodoma ni yangu tangu zamani," akasema. "Nipe mwingine."

Wenzangu, nimelifikiria jibu hilo muda mrefu. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Miaka zaidi ya 40 ikapita, nchi nzima ikiutaja mji huu kama mji wa kitendawili, umetolewa na haujakabidhiwa, mpaka serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, na hadhi ya jiji ikaja 2018. Wakati wote huo wenye mji walikuwepo, na vitendawili vyao vilikuwepo. Sisi tunaosoma fasihi simulizi kwa ajili ya mtihani, hatua chache kutoka milangoni mwao, tumerekodi vingapi? Tumehakiki vingapi katika lugha vilimotegwa, kabla ya kuvitafsiri vikapoteza silabi zake?

Pendekezo langu ni dogo. Kila toleo la jarida hili liwe na fumbo moja la silabi, na kando yake kitendawili kimoja cha lugha ya uwanda wa kati, kimeandikwa kama kilivyotamkwa, na maelezo ya mtoto wa lugha hiyo. Karatasi ya idara haitakwisha kwa hilo. Nami naanza kwa kuwategea vitatu, majibu toleo lijalo:

1. Jembe likirudi nyumbani linaleta nini? (silabi 2)
2. Upepo huu ni siku iliyogeuka. (silabi 2)
3. Cheo cha enzi ya mkoloni: akienda ni yeye, akirudi ni yeye. (silabi 3)

Mkishindwa, nipeni mji. Ila Dodoma msinipe. Ina mwenyewe.